Kufungua Baada ya Kufunga: Somo Tulilolipita Haraka



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, makala hii naielekeza kwa wanafunzi wakubwa wa madrasa yetu na kwa wazazi wanaowaleta. Inahusu siku ambayo wengi tumeshaisahau, nayo ni siku tuliyofungua milango baada ya korona.

Siku ya kufunga kila mtu anaikumbuka. Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza amepatikana nchini, abiria aliyeingia kwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa shule zote, za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30, na tarehe 18 vyuo navyo vikafuata. Sisi huku Masuguru hatukungoja barua. Jioni ile ile ustadh aliwakusanya watoto uani, akawaambia warudi nyumbani na juzuu zao, wasome na wazazi wao mpaka watakapoitwa. Misikiti ya nchi yetu haikufungwa, na watu wa kijijini hawakufungiwa majumbani kama ilivyokuwa kwa jirani zetu kadhaa, lakini chuo chetu kilifungwa. Ramadhani ikaingia na kutoka, Idi ikasaliwa, na mikeka ya watoto ikabaki imekunjwa kwenye kona.

Siku ya kufungua haikumbukwi na mtu, kwa sababu ilikuwa siku ya furaha. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 29 Juni 2020, siku shule zilipofunguliwa. Alasiri watoto wote walikuja kwa pamoja, wa alifu na wa khitma, na wengine walileta wadogo zao ambao hawajawahi kuandikishwa. Walikaa bega kwa bega kwenye chumba kile kile chenye madirisha mawili, wakasoma kwa sauti moja mpaka bati likatetema. Kiu ilipowashika walikwenda kwenye pipa, wakanywa kwa kikombe kimoja kilichofungwa kamba. Nilikuwepo, na nakiri kwamba machozi ya furaha yalinilenga. Sikumuuliza mtu kitu chochote.

Napenda niseme wazi kwamba kosa hilo ni letu wenyewe. Serikali ilifungua kwa hatua: vyuo na kidato cha sita vilianza tarehe 1 Juni, na shule nyingine zikasubiri hadi tarehe 29, yaani siku 28 baadaye. Sisi hatukuwa na hatua hata moja. Tulifunga kwa siku moja, tukafungua kwa siku moja. Na kwa kuwa hatukuwa na ngazi ya kupandia, ugonjwa uliporudi hatukuwa na ngazi ya kushukia.

Na kweli ulirudi. Mwanzoni mwa 2021 watu walikuwa wakisema fulani ana changamoto ya upumuaji, na kila aliyesikia alielewa. Tarehe 17 Februari mwaka huo alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimeshatangaza kuwa ana korona. Wakati huo ndoo yetu ya koki, ile iliyowekwa mlangoni kwa michango ya wazazi, ilikuwa imehamia jikoni kwa kuchotea maji ya uji. Barakoa zilizoshonwa na kina mama zilikuwa zimegeuka vitambaa vya kufutia ubao. Na katika miezi hiyo tulimzika mzee mmoja, mwalimu wa walimu wetu, aliyekuwa akija kila Alhamisi kusikiliza watoto wakisoma. Alipata homa, kisha pumzi ikawa fupi, akakaa siku sita. Hakupimwa. Hatusemi kwamba aliupata kwetu, wala hatusemi kwamba ilikuwa korona. Tunachojua ni kwamba Alhamisi yake ya mwisho alikaa katikati ya watoto hamsini, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumwambia, babu, mara hii subiri nyumbani, watoto watakuja kwako mmoja mmoja.

Kuna watu wakisikia habari ya kufungua kwa hatua wanasema huo ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu, au ni mambo ya kuigwa kutoka Ulaya. Hao nawarudisha kwenye somo la fiqhi ambalo watoto wetu wanalihifadhi. Mgonjwa asiyeweza kusimama anaswali ameketi. Akishindwa kuketi, analala ubavu. Akipata nguvu akiwa katikati ya swala, anasimama pale pale na kuendelea. Na nguvu zikimwishia tena? Anaketi, na swala yake inaendelea. Hakuna mwalimu anayemwambia mgonjwa wa jana leo aruke juu kwa kuwa homa imepoa, wala anayemwambia abaki amelala mwaka mzima kwa kuwa jana aliumwa. Kila hali ina kiasi chake, na kipimo ni kile mwili unachoweza kubeba saa hiyo.

Tena si jambo geni katika historia yetu. Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, yule yule tunayemsoma katika sherehe ya Bukhari, aliandika kitabu kizima juu ya tauni, na hakuandika kwa kusikia, kwani yeye mwenyewe aliwazika binti zake kwa maradhi hayo. Ameeleza yaliyotokea Cairo mwaka 833 Hijria, sawa na 1430. Tauni ilipoanza walikuwa wakifa watu chini ya 40 kwa siku. Wakafunga saumu siku tatu, kisha wakatoka kwa pamoja kwenda jangwani kuomba dua, kama wafanyavyo watu katika swala ya mvua. Kabla mwezi haujaisha, waliokuwa wakifa kwa siku walipita 1,000. Ibn Hajar hakukataza dua. Lililomsumbua ni ule mkusanyiko. Haya aliyaona bila ya darubini wala maabara.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, maana kufungua kwa hatua ni hesabu. Mtu akiambukizwa korona haumwi siku hiyo hiyo. Kwa kawaida dalili huja baada ya siku tano au sita, na zinaweza kuchelewa hadi siku 14. Baada ya hapo atakaa nyumbani siku kadhaa akinywa chai ya tangawizi na kujifukiza, ndipo apelekwe zahanati. Kwa hiyo ukifungua lango moja leo, matokeo yake utayaona wiki ya pili. Anayefungua lango la pili keshokutwa kwa kuwa hajaona mgonjwa, anafungua gizani. Wakulima wa mpunga wa kule Mombo wanalijua jambo hili kuliko mimi: maji ya mfereji huyafungulii yote kwenye jaruba. Unafungua kidogo, unakwenda mwisho wa shamba kutazama yamefika wapi, ndipo unarudi langoni.

Tazama Makka walivyofanya. Umra ilisimamishwa mwishoni mwa Februari 2020, na Hija ya mwaka huo ikahudhuriwa na mahujaji wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia. Tarehe 4 Oktoba 2020 wakaruhusu Umra kwa watu 6,000 kwa siku, wakazi wa nchi hiyo pekee, kila mmoja na kibali na saa yake. Tarehe 18 Oktoba wakapandisha hadi 15,000. Tarehe 1 Novemba wakafika 20,000, na wageni kutoka nje wakaanza kuingia. Mwanafunzi hodari ahesabu siku zilizo kati ya tarehe hizo: ni 14, na tena 14. Hija nayo ilipanda ngazi yake: watu 60,000 mwaka 2021, wote wakiwa wakazi wa huko waliochanjwa, kisha kibali cha watu milioni moja mwaka 2022, na mwaka 2023 wakahiji zaidi ya milioni 1.8. Ikiwa Nyumba ya Mwenyezi Mungu ilifunguliwa kwa kuhesabu siku, madrasa ya Masuguru ina haraka gani?

Lakini hesabu inataka namba, na hapo ndipo sisi wa vijijini tulipokwama. Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa masharti sita ya kutazamwa kabla nchi haijaanza kulegeza. La kwanza lilikuwa maambukizi yawe yamedhibitiwa, la pili uwepo uwezo wa kumtambua kila mgonjwa, kumpima, kumtenga, kumtibu na kuwafuatilia aliokutana nao, na la mwisho wananchi wenyewe wawe wameelimishwa na wameshirikishwa. Kwetu Tanzania takwimu za mwisho za mwaka huo zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, kisha hazikutolewa tena mpaka katikati ya mwaka 2021. Sitaki kurefusha maneno juu ya hilo. Nasema tu kwamba mzazi wa Korogwe au Handeni aliyetaka kujua kama wiki hii ni afadhali kuliko iliyopita hakuwa na pa kutazama.

Hata hivyo tungeweza kuwa na namba yetu ndogo. Zahanati ina daftari. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anazijua nyumba. Hatuhitaji jina la mgonjwa, wala si haki yetu kulijua. Tunachohitaji ni kuuliza kila Ijumaa: waliokuja na homa na kikohozi wiki hii wameongezeka au wamepungua? Na sisi wenyewe tuna daftari la mahudhurio. Watoto kumi wakikosekana siku moja, hiyo ni habari. Mwaka ule tulizoea kuandika alama ya hayupo na kufunga daftari.

Swali gumu zaidi ni nani aingie kwanza. Hapa naomba tusome mfano mmoja wa mbali. Tarehe 10 Machi 2020, katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington huko Marekani, watu 61 walikutana kufanya mazoezi ya kwaya kwa muda wa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili. Baadaye walihesabiwa wagonjwa 53, na wawili wakafariki. Kilichowaponza ni kupaza sauti kwa muda mrefu ndani ya chumba kimoja. Ndugu msomaji, madrasa ni nini kama si kupaza sauti kwa muda mrefu ndani ya chumba kimoja? Duka la mangi mtu anaingia, ananunua chumvi, anatoka. Sisi tunakaa saa mbili tukisoma kwa pamoja, na kasida juu yake. Kwa hiyo hatuwezi kusema mbona sokoni wameruhusiwa. Soko lina upepo. Lakini na sisi tuna mwembe. Wazee wetu wengi walihitimu Qur'ani chini ya mti, na sioni kwa nini wiki mbili za kwanza za kufungua zisiwe za mwembeni, kwa makundi mawili, moja baada ya swala ya adhuhuri na jingine baada ya alasiri.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kanuni yao. Misikiti na makanisa yalifungwa Machi 2020, na tarehe 6 Julai Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungua kwa masharti: watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliopita miaka 58. Madrasa ziliendelea kusimama. Nawaelewa walioumia. Safu ya mbele ya msikiti wowote wa pwani ni ya wazee, na kumwambia mzee wa miaka 70 kwamba msikiti umefunguliwa lakini si kwake ni jambo zito. Mimi naona lengo lilikuwa sahihi ila mlango ulikuwa mwembamba mno. Ingewezekana kuwapa wazee jamaa yao ya peke yao, uani, na nafasi kati ya mtu na mtu. Oman, ambako wengi wa mkoa huu wa Tanga wana ndugu, walichagua njia nyingine: tarehe 15 Novemba 2020 walifungua misikiti mikubwa tu, yenye nafasi ya watu 400 na zaidi, kwa swala tano, na Ijumaa ikabaki kusubiri mpaka Septemba 2021. Hizo ni karibu miezi 18 bila Ijumaa. Wengine mtasema ni mingi. Nami nasema hivyo hivyo.

Maana kuchelewa kufungua nako kunaua, ingawa kwa njia ya kimya. Uganda walifunga shule Machi 2020, wakafungua kwa baadhi ya madarasa, wakafunga tena Juni 2021, na hawakufungua kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Ni karibu wiki 83, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na walioguswa ni zaidi ya wanafunzi milioni 10. Wengi hawakurudi. Wavulana walikuwa wameshazoea fedha za vibarua, na wasichana wengi walikuwa wameshakuwa mama. Sisi tulifunga miezi mitatu na nusu tu, na bado wasichana wawili wa darasa la juu hawakurudi tulipofungua. Mmoja aliolewa mbali. Wa pili alikuwa amebakiza juzuu tatu ahitimu. Nimemwona mwaka jana mnadani akiuza ndizi, mtoto mgongoni, akanisalimia, shikamoo maalim, kisha akaniuliza kama darasa lake lilimaliza. Darasa lake lilimaliza.

Kwa ajili ya huyo, mimi nimebadili rai. Zamani ningesema wakubwa waingie kwanza kwa kuwa wanajua kujikinga, na wadogo wafuate mwishoni. Sasa naona waanze wale walio karibu na khitma, hasa wasichana, kwa sababu wakikaa sana nyumbani dunia inawachukua. Lakini wa pili wasiwe wa kati. Wawe wale wa alifu, kwa kuwa mtoto aliyejifunza herufi mwezi Machi aliporudi Juni alikuwa hajui kutofautisha jim na kha, wakati wa kati ana juzuu yake na anaweza kudurusu na kaka yake. Korona pia haikuwa kali kwa watoto wadogo kama ilivyokuwa kwa babu zao. Wa mwisho kabisa iwe ni Maulidi na ziara, siku zinazoleta watu wa vijiji kumi kwenye uwanja mmoja. Najua hapa nitapingwa. Maulidi ndiyo inayotuletea michango ya mwaka mzima.

Wala mpango huo usiwe msahafu. Unafuata ugonjwa. Kikija kipindupindu, barakoa haina kazi, na swali la kufungua ni moja tu: maji ya kunywa yamechemshwa au yametiwa dawa, na choo kina maji na sabuni? Kwa Handeni yetu, ambako kiangazi watu hununua maji kwa dumu, swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Ikija surua, wadogo ndio wa kuchelewa. Mwaka 2023 Kagera walipopatwa na Marburg, ugonjwa ulioua watu sita, serikali haikutangaza kwisha siku mgonjwa wa mwisho alipopona. Ilihesabu siku 42, ambazo ni mara mbili ya muda ambao ugonjwa huo unaweza kujificha mwilini, ndipo tarehe 2 Juni ikatangaza. Mwanzoni mwa 2025 ulirudi huko huko Kagera, na hesabu ikawa ile ile. Kumbe inawezekana hapa hapa kwetu.

Basi nimeandika kwa mkono, upande mmoja wa karatasi, hatua nne za kufungua chuo chetu baada ya maradhi yoyote ya kuambukiza, siku 14 kati ya hatua na hatua, pamoja na jambo litakaloturudisha hatua moja nyuma, nalo ni daftari la zahanati kupanda wiki mbili mfululizo au watoto wanane kukosekana kwa homa siku moja. Nafasi ya jina la mwenye dhamana ya kutamka turudi nimeiacha wazi, kwa kuwa tukisema ni wote, hatasema mtu. Naona awe mmoja wa kina mama, wao ndio wanaojua mapema nani kalala na homa. Karatasi imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha walimu na kalamu imefungwa pembeni kwa uzi. Kikao cha wazazi ni Jumapili ya kwanza baada ya Maulidi. Kabla ya hapo mwenye nafasi apite aisome, na palipokosewa apakate aandike lake. Na ajenda ya pili ya kikao hicho ni kununua vikombe.

Wabillahi tawfiq.